Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kusoma Vitabu vya Walisha Ndege

Kuna aina ya kitabu ambacho mwandishi wake hahitaji kuvuka uzio wa nyumba yake. Ananunua mbegu, anazitia kwenye chombo, anakitundika karibu na dirisha, anakaa. Ndege wanakuja. Anawatazama leo, anawatazama kesho, anawatazama miaka, kisha anaandika. Hakuna safari humo, hakuna mlima wa kupandwa, hakuna simba. Tukio kubwa la ukurasa mzima linaweza kuwa kiumbe cha gramu 18 kilichotua, kikachagua mbegu moja, kikaondoka nayo.

Uingereza na Marekani vitabu vya namna hii vina historia ndefu, kwa sababu huko kulisha ndege wa porini ni desturi ya mamilioni ya kaya. Hapa naviweka viwili mezani. Cha kwanza ni Birds as Individuals cha Len Howard, kilichotoka London mwaka 1952. Cha pili ni The Backyard Bird Chronicles cha Amy Tan, kilichotoka Marekani mwaka 2024. Kati yao kuna miaka 72 na Bahari ya Atlantiki, lakini ukivisoma kwa kufuatana unatambua kwamba vimejengwa juu ya wazo moja, na wazo hilo Mswahili analo hata kabla hajafungua kurasa zake: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Methali hii huwa tunaitoa kwa tabasamu. Mgeni akifika, kuku anachinjwa, wali unaungwa kwa nazi, na mwenyeji aliyeshindia mchicha wiki nzima anakula vizuri kwa kisingizio cha mgeni. Hakuna anayemuuliza kuku. Katika vitabu hivi ndege amehamishwa kutoka kwenye sahani hadi kwenye kiti cha mgeni, na mwenyeji bado anapona: anapona upweke, anapona hasira, anapona kelele za mji. Swali langu kama msomaji ni fupi, na naamini ndilo linalotenganisha kitabu kizuri cha aina hii na kitabu kitamu tu. Je, mgeni naye amepona? Mwandishi amemfuata ndege hadi wapi baada ya kumshibisha?

*

Len Howard jina lake la kuzaliwa lilikuwa Gwendolen. Alizaliwa mwaka 1894, akawa mpiga viola jijini London, na mwaka 1938 akahamia Ditchling, kijiji cha Sussex kusini mwa Uingereza. Nyumba yake aliiita Bird Cottage, nyumba ya ndege, na jina lilistahili. Madirisha aliyaacha wazi. Ndege waliingia na kutoka watakavyo, wakalala ndani usiku, wakachana karatasi, wakanyea samani. Wengi wao walikuwa wa aina iitwayo Parus major: ndege mdogo wa Ulaya mwenye kichwa cheusi, mashavu meupe na kifua cha manjano kilichogawanywa na mstari mweusi kama tai shingoni. Howard aliwalisha kwa mkono, akawapa majina, na akaandika wasifu wao mmoja mmoja.

Kitabu kilipotoka, chakula kilikuwa bado cha mgao Uingereza. Mgao huo ulimalizika mwaka 1954. Msomaji wa leo anaweza kulipita hilo bila kuliona. Msomaji wa 1952 alijua vizuri maana ya mtu anayegawana riziki yake na ndege. Dibaji iliandikwa na Julian Huxley, mwanabiolojia aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNESCO. Mwanamuziki asiye na maabara, mwenye madirisha wazi na samani zilizofunikwa, alikuwa amepata mlango wa kuingilia kwenye mjadala wa wasomi.

Hoja yake ilikuwa ya kichokozi. Alisema kwamba wataalamu wanaowafungia ndege kwenye matundu, au kuwajaribu wakiwa na hofu, wanaisoma hofu yenyewe. Ndege akiogopa, hujificha nyuma ya woga wake. Akiamini, hufunguka, na hapo ndipo unapoona kwamba kila mmoja ana tabia yake. Kwa hiyo Howard hakuwavisha ndege wake pete miguuni. Aliwatambua kwa sura, kwa mkao, kwa namna ya kurusha kichwa, jinsi mama anavyowatambua watoto wake wakirudi shule katika kundi la sare moja.

Nguvu ya kitabu iko hapo. Anapoeleza tendo, Howard ni shahidi wa kuaminika kuliko waandishi wengi wa asili wenye sifa kubwa. Anajua nani alimfukuza nani kwenye tawi gani, nani alirithi eneo la nani, nani alikuja na mwenzi mpya majira yaliyofuata. Sehemu ya pili ya kitabu inashughulikia milio ya ndege, na hapo tunasikia sikio la mpiga viola: anapima urefu wa noti, anatofautisha mwimbaji hodari na mwimbaji mvivu wa aina ileile. Kwa msomaji aliyezoea kuambiwa kwamba ndege fulani hulia hivi na ndege fulani hulia vile, ni mshtuko kugundua kwamba ndege wawili wa aina moja wanaweza kutofautiana kama waimbaji wawili wa taarabu wanaotoka mtaa mmoja.

Udhaifu wake nao unatoka kwenye kisima hichohicho. Wageni waliwatisha ndege, kwa hiyo Howard hakupenda wageni. Nyumba iliyokuwa wazi kwa ndege ilikuwa imefungwa kwa mashahidi. Tunapofika mahali ambapo anaacha kueleza tendo na kuanza kueleza sababu, kwamba ndege huyu aliona wivu, yule alikuwa na kiburi, mwingine alikuja kumshtakia jirani yake, hatuna pa kushika isipokuwa neno lake. Katika kitabu chake cha pili, Living with Birds cha mwaka 1956, anasimulia habari za ndege aliyemwita Star, aliyejifunza kugonga kwa mdomo idadi ya midundo aliyoombwa. Nasoma kurasa hizo kwa furaha, lakini nikimaliza natamani kungekuwa na mtu wa pili ndani ya chumba, hata mtoto wa jirani.

Hapa lugha yetu inatusaidia kuona jambo ambalo Kiingereza kinalificha. Kiingereza humruhusu mwandishi kumtaja ndege kwa kiwakilishi kilekile cha kiti na ndoo. Howard alipoandika ndege kama mtu, alikuwa anagombana na sarufi ya wasomi wenzake. Kiswahili hakina ugomvi huo. Ndege amekuja, ndege amekula, ndege ameondoka. Ngeli ya A-WA haimbagui. Lakini ngeli hiyohiyo ina mwizi, ina nyoka, ina mbu. Sarufi yetu humpa ndege uhai bila kumpa urafiki. Kwa hiyo mtu akikitafsiri kitabu cha Howard kwa Kiswahili, nusu ya uasi wake itayeyuka bila mtu kugundua, na nusu itakayobaki, ile ya urafiki, italazimika kujitetea yenyewe.

Ijitetee mbele ya nani? Mbele ya mtu ambaye ametazama ndege na nafaka kwa saa nyingi kuliko mlisha ndege yeyote wa Sussex: mwamia ndege. Kiswahili kina kitenzi kizima cha kazi hii, kuamia, yaani kukaa shambani kuwalinda ndege wasile mazao. Mpunga ukianza kutia maziwa, Mbarali au Mwea, mtu anapanda darini mwa dungu alfajiri akiwa na kombeo, madongo na kopo la kupiga kelele, na hashuki mpaka jua lizame. Adui wake mkubwa ni kweleakwelea, ndege anayekula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku na kuja katika makundi ya maelfu kwa maelfu. Wakizidi, serikali hutuma ndege nyingine, ile ya injini, kunyunyiza sumu.

Mwamia ndege anawajua ndege kwa njia iliyo kinyume kabisa na ya Howard. Anawajua kupitia hofu yao. Anajua kundi linaingia kutoka upande gani wa bonde, saa ngapi, na upepo ukiwaje. Anajua siku ambayo kopo limeacha kuwatisha kwa sababu wamejifunza kwamba ni kelele tupu. Anajua kwamba mmoja akiruka wote wanaruka, na kwamba wakati mwingine mmoja haruki, anaendelea kula, na huyo ndiye wa kuangaliwa. Hayo ni maarifa ya tabia, tena ya kina. Yanaonyesha kwamba Howard alikuwa sahihi nusu. Ndege anayeamini huonyesha mambo fulani. Ndege anayeogopa huonyesha mengine, na maisha yake mengi nje ya Bird Cottage yalikuwa ya kuogopa.

Hilo alilifahamu David Lack, Mwingereza mwenzake Howard aliyekuwa mwalimu wa shule huko Dartington, Devon, miaka ya 1930. Lack aliwavisha robini pete za rangi miguuni, akawafuatilia, na mwaka 1943 akachapisha The Life of the Robin. Ndege huyo mwenye kifua chekundu, kipenzi cha kadi za Krismasi na cha bustani za Waingereza, alitoka kwenye kitabu cha Lack akiwa mpiganaji. Kifua chekundu ni onyo kwa jirani. Robini wa Lack walishambulia hata robini aliyekufa na kujazwa pamba. Na wengi wao, kama ndege wadogo wengi, walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Lack anaandika bila machozi, na ukisoma baada ya Howard unahisi baridi. Lakini ndege wake wanaishi pande zote nne za bustani, na wanakufa huko, na mwandishi yupo kuhesabu.

*

Amy Tan anajulikana kwa riwaya, hasa The Joy Luck Club ya mwaka 1989. Mwaka 2016, akiwa na miaka 64, alianza kujifunza kuchora viumbe vya asili kwa John Muir Laws, mchoraji na mwalimu wa California. Amesema wazi kilichomsukuma: chuki na ubaguzi wa rangi uliokuwa umeanza kusemwa hadharani nchini mwake mwaka ule. Alihitaji pa kuyapumzisha macho. Akayapumzisha kwenye bustani yake huko Sausalito, ng'ambo ya ghuba kutoka San Francisco, penye mialoni na vyombo vya mbegu. Kitabu ni shajara ya miaka kati ya 2017 na 2022, yenye michoro yake mwenyewe na dibaji ya David Allen Sibley, mwandishi wa mwongozo mashuhuri wa ndege wa Amerika Kaskazini.

Mtu aliyezoea riwaya za Tan angeweza kuogopa kwamba ndege wake watageuka wahusika, wenye mama wakali na siri za ukoo. Kuna mahali wanakaribia. Tan ana mzaha, na mzaha wake hupenda kuwavisha ndege nguo za watu. Lakini kitabu kinaokolewa na vitu viwili.

Cha kwanza ni penseli. Huwezi kumchora ndege unayedhani unamjua. Mkono unakuuliza maswali ambayo jicho lilikuwa limeyaruka: mstari wa jicho unaishia wapi, bawa likikunjwa linafika wapi mkiani, miguu ni ya rangi gani. Michoro ya Tan inakuwa bora kadiri miaka inavyokwenda, na maneno yake yanakuwa bora pamoja nayo, kwa sababu jicho ni lilelile. Mapema kwenye shajara anasema ndege ni mzuri. Baadaye anasema yuko vipi, na uzuri tunauona wenyewe.

Cha pili ni alama ya kuuliza. Tan anauliza bila aibu. Kwa nini huyu anamfukuza yule wakati mbegu ni nyingi? Kwa nini leo hawajaja? Mtoto huyu amejifunza kwa mzazi au kwa njaa? Mara nyingi swali linabaki bila jibu, na mwandishi hasukumi jibu la kutunga mahali pake. Hapo ndipo anapompita Howard. Howard alipofika kwenye mpaka wa ujuzi wake alitembea moja kwa moja hadi ng'ambo, kwa ujasiri wa mtu anayeishi na wahusika wake. Tan anasimama kwenye mpaka na kuandika kwamba hapa ndipo mpaka ulipo.

Nina lawama moja kabla ya kufika kwenye sifa kubwa. Bustani ya Tan ni ya mtu mwenye nafasi. Funza hai anawanunua kwa maelfu na kuwaweka kwenye jokofu. Anatania gharama hiyo, na utani huo unafurahisha, lakini unafanya kazi ya kuifunga hoja ambayo ingefaa kuachwa wazi. Meza ya ndege ni soko. Kuna mbegu moja ndogo nyeusi, nyembamba, yenye mafuta mengi, ambayo chiriku wa Ulaya na wa Amerika wanaipenda. Kisayansi ni Guizotia abyssinica, na jina la pili linasema ilikotoka. Waethiopia huiita nug na kuikamua mafuta ya kupikia. Kabla ya kuingia Marekani lazima ipashwe moto ili mbegu zisije zikaota huko. Fikiria safari hiyo: chakula cha mtu wa nyanda za juu za Ethiopia kinakaushwa uwezo wake wa kuzaa, kinavushwa bahari, kinatundikwa kwenye mrija wa plastiki ili ndege wa pori atue karibu na dirisha. Kuna insha nzima ndani ya mbegu hiyo. Bado sijaisoma kwenye vitabu vya walisha ndege, na naamini sababu ni umbo lenyewe la vitabu hivi. Dirisha ni fremu nzuri, lakini fremu hukata. Mbegu inaingia kutoka nje ya fremu bila historia, na ndege anatoka nje ya fremu bila mustakabali.

*

Majira ya baridi ya mwaka 2020 kuelekea 2021, fremu ilivunjika. Chiriku wa misonobari, ndege mdogo mwenye michirizi ya kahawia na mguso wa njano bawani, walishuka kwa wingi kutoka misitu ya kaskazini kutafuta chakula. Walifika kwenye bustani za pwani ya magharibi ya Marekani, wakajaa kwenye vyombo vya mbegu, na salmonela ikaenea kati yao. Ndege anayeumwa hutulia. Hujitutumua manyoya, hufumba macho, haruki mtu akimkaribia. Mlisha ndege mgeni katika mambo haya anaweza kufurahi akidhani amezoewa. Mamlaka za wanyamapori katika majimbo ya California, Oregon na Washington ziliwaomba wananchi waondoe vyombo. Mwaka uleule bakteria huyo kutoka kwa ndege wa porini alihusishwa na watu 29 waliougua katika majimbo 12.

Ugonjwa unaingia kwenye shajara ya Tan, na kurasa hizo ndizo bora kuliko zote. Mwenyeji aliyekuwa akipona anatambua kwamba kivutio chake kimekuwa mahali pa kuambukizana. Anaviondoa vyombo. Hakuna hotuba. Nadhani ni kurasa za kweli zaidi kwa sababu hapo ndipo mapenzi ya mwandishi yanapogharimu kitu ambacho fedha haziwezi kulipia, yaani kuwaona.

Uingereza ilikuwa imetangulia kwenye somo hilo, na kwa machungu zaidi. Kuanzia mwaka 2005 kimelea kiitwacho Trichomonas gallinae, ambacho kwa muda mrefu kilijulikana kwa njiwa, kilianza kuwaua chiriku wa kijani. Kimelea hukaa kooni. Koo linavimba na ndege hawezi kumeza. Anabaki kwenye meza iliyojaa, anachukua mbegu, mbegu inamdondoka ikiwa na mate yake, na mwenzake anaiokota. Anakufa kwa njaa katikati ya chakula. Idadi ya chiriku wa kijani iliporomoka kiasi kwamba mwaka 2021 aliingizwa kwenye orodha nyekundu ya ndege wa Uingereza, na mapema mwaka 2025 shirika la RSPB, ambalo limewahimiza Waingereza kwa miongo mingi wawapende ndege wa bustani, lilisitisha kuuza vyombo bapa vya kulishia.

Mtu akisoma hayo anaweza kukata shauri kwamba kulisha ndege ni kosa, na vitabu vyake ni vya kufungwa. Ingekuwa rahisi, na isingekuwa kweli. Katika jimbo la Wisconsin, Margaret Brittingham na Stanley Temple walifuatilia ndege wadogo wa aina ya Poecile atricapillus katika baridi kali ya huko. Kati ya waliokuwa na vyombo vya mbegu, asilimia 69 walivuka majira ya baridi. Kati ya wasiokuwa navyo, asilimia 37. Hao ni wageni waliopona kweli. Lakini watafiti haohao walikwenda pia mahali ambapo ndege walikuwa wamelishwa kwa miaka 25, wakaondoa vyombo, wakangoja. Ndege wale waliishi sawa na wenzao ambao hawakuwahi kulishwa. Walikuwa wakila kwetu, ila msitu hawakuusahau.

Na mgeni mwenyewe hubadilika kwa sababu ya meza. Kuna ndege mwembamba wa kijivu, Sylvia atricapilla, ambaye dume lake lina kofia nyeusi. Wale wa Ulaya ya kati kwa kawaida huenda Hispania na maeneo ya Mediterania majira ya baridi. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 baadhi yao walianza kuelekea kaskazini-magharibi, Uingereza, ambako bustani zina chakula. Majaribio ya Peter Berthold na wenzake huko Ujerumani yalionyesha kwamba mwelekeo huo mpya unarithiwa: vifaranga wa ndege hao, waliolelewa na watu, walitaka kuelekea upande uleule. Kopo la mbegu kwenye bustani ya mtu limeingia kwenye damu ya ndege. Mwenyeji gani amewahi kumbadili mgeni wake kiasi hicho, na kuendelea kumwita mgeni?

*

Nilianza na swali, mgeni naye amepona? Sasa naweza kusema kwa nini ni swali la uhakiki pamoja na kuwa swali la mtaalamu wa wanyamapori. Katika maandishi ya kweli, msimulizi anayependa anachokisimulia yuko katika hatari ya kuacha kuuliza pale mapenzi yanapoanza kuuma. Sentensi zinabaki nzuri. Maelezo yanabaki mengi. Lakini kitabu kinakuwa kioo, na ndege anakuwa kisingizio cha mwandishi kujitazama, kama kuku wa mgeni alivyo kisingizio cha mwenyeji kula. Msomaji huhisi hilo hata kama hajawahi kusikia habari za Trichomonas. Anahisi kwamba kila ndege anaingia ukurasani ili kufanya kazi moja, kumfariji mtu, na kwamba akishaifanya anaruhusiwa kutoweka.

Howard aliepuka hatari hiyo kwa kulipa. Alitoa nyumba, alitoa wageni, alitoa usingizi, na kwa miaka mingi ndege ndio waliopanga saa zake. Ndiyo maana ninamwamini hata pale ninapokataa tafsiri zake: aliwaandika ndege wakifa, wakishindwa, wakiporwa eneo, bila kuwaomba wamfundishe somo la maisha. Tan anaiepuka pale anapoviondoa vyombo. Kabla ya hapo kitabu chake ni kizuri. Baada ya hapo kinakuwa na uzito, na kurasa za mwanzo ukizirudia unazisoma tofauti, kwa sababu sasa unajua kwamba mwandishi huyu alikuwa tayari kuiacha furaha yake ilipoanza kuwadhuru wengine.

Kwa msomaji wetu anayetaka kuanza, ningependekeza aanze na Tan, kwa kuwa ni mwepesi na michoro yake inafundisha jicho hata kwa mtu ambaye bustani yake ni ndoo tatu za maua kibarazani Kariakoo na shomoro wake ni wale wa kwenye nyaya. Kisha amsome Howard polepole, akiweka alama ya penseli kila anapovuka kutoka tendo kwenda sababu. Lack awe wa tatu, kama maji baridi baada ya halua.

Na anaposoma, aangalie siku ambazo hakuna ndege. Kila shajara ya aina hii inazo: mvua, mwewe aliyepita asubuhi, ugonjwa, au ukimya usio na maelezo. Waandishi wengi huziruka, kwa kuwa wanadhani hapakutokea kitu. Tan anaziandika. Anaweka tarehe, anasema hawakuja, anauliza kwa nini. Nje ya dirisha lake siku hizo ndege walikuwa mahali fulani kwenye mialoni wakitafuta wadudu kwenye magome, wakiogopa mwewe, wakigombana, wakiishi sehemu ile kubwa ya maisha yao ambayo hatukualikwa.